Kizimbani Tulisimama Wawili

Gerezani, Johannesburg
12 Machi 2017

Dada yangu Mwatumu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, hata kama hataipokea. Watoto wabusu wote, na Shufaa mwambie mjomba anamkumbuka. Shemeji Ameir pia msalimie.

Mimi ni mzima. Chakula kipo, blanketi ninazo mbili, na katika selo yetu Waislamu tupo wa kutosha kuswali jamaa. Wa kitanda cha juu yangu anaitwa Évariste, Mkongo wa Bukavu, zamani alikuwa mlinzi wa duka la vipuri. Kiswahili chake kinanichekesha, changu kinamchekesha, basi siku zinasogea. Denise, yule msusi Mkongo wa Rosettenville niliyepanga chumba uani kwake, huja kuniona akipata nafasi. Barua hii ndiye atakayeipeleka posta. Simu ya hapa ni ya dakika chache, na nyuma yako kuna mstari wa watu wanakusikiliza, kwa hiyo nimeona bora kalamu.

Tangu nihukumiwe Agosti mwaka jana hujaniandikia hata mstari. Najua umesikia kwamba nilikiri. Ni kweli, "ndiyo" ilitoka mdomoni mwangu. Lakini dada, sikuiba, wala sikujua kwamba vile viatu vilitoka kwenye lori lililotekwa. Kazi yangu ilikuwa kufungua stoo asubuhi, kutoa mzigo, kuupanga mezani pale karibu na stendi ya teksi, na jioni kufunga. Mzigo unatoka wapi sikuuliza, kwa sababu aliyenipa funguo ni mtu niliyemwamini.

Miaka minane, eish, ni mingi. Nataka kukata rufaa. Muda wa kukata ulishapita, lakini kuna wakili wa msaada wa kisheria anayekuja hapa gerezani, mwanamke anaitwa Nkhensani, anasema tunaweza kuomba ruhusa ya kuchelewa. Ameniuliza maswali mengi kuhusu wakili wetu wa kwanza. Muulize shemeji kama bado ana namba ya ofisi ya yule wakili. Muulize tu. Usimwambie kwa nini.

Mdogo wako,
Bakiri


Tanga
2 Mei 2017

Mdogo wangu Bakiri,

Waalaykum salaam. Marahaba. Barua yako imefika, bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena, sijui ni huko au ni huku.

Sisi hatujambo. Mama amefanyiwa operesheni ya macho, la kulia na la kushoto, na sasa anatunga uzi kwenye sindano bila kuita mtoto. Gharama zote amebeba Ameir. Amefungua duka la vifaa vya ujenzi barabara ya kumi na mbili na linakwenda vizuri. Shufaa ameingia darasa la sita. Mimi bado nafundisha pale pale.

Nilinyamaza kwa sababu sikujua mtu anaandika nini kwa ndugu aliyekiri wizi. Ameir aliporudi tulikaa sebuleni wote, akasema, "Bakiri aliuficha mzigo stoo kwangu bila mimi kujua. Nusura anifunge na mimi." Alilia, Bakiri. Mimi mume wangu sijawahi kumwona akilia. Tangu siku hiyo Mama akisikia jina lako anatoka chumbani.

Namba ya wakili hana. Nilipomuuliza aliacha kula, akanawa mikono, akatoka.

Rufaa ni haki yako, kata. Lakini mwanaume huyu ndiye aliyekupokea Johannesburg ukiwa na begi moja, akakulaza kwake mtaa wa Observatory, akakupa kazi. Kama huna jema la kumtaja, usimtaje.

Dada yako,
Mwatumu


Gerezani, Johannesburg
9 Julai 2017

Dada Mwatumu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Nimefurahi Mama anaona. Kwa hilo shemeji Mungu amlipe, nasema bila kinyongo. Huku ni baridi, sakafu ya saruji inapanda mpaka kwenye meno. Évariste amepata soksi za sufu kutoka kwa watu wa kanisa lake, akanipa jozi moja.

Kuhusu aliyoyasema shemeji sebuleni, sijibu. Barua hizi husomwa na askari kabla hujazisoma wewe.

Ninalotaka kukueleza ni jambo la mahakama. Kulikuwa na habari gazetini, Évariste akanisaidia kuisoma: majaji wa rufaa wametengua hukumu ya mtu mmoja wa mji mwingine kwa sababu wakili wake aliwatetea washtakiwa wawili kwa pamoja, na wale wawili kila mmoja alikuwa na maneno ya kumtupia mwenzake kosa. Majaji walisema mtu aliyetetewa namna hiyo hakutetewa, na wakaagiza yule wakili apelekwe kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili wenzake. Nilipomwonyesha Nkhensani akacheka, akasema hukumu hiyo anayo mezani kwake tangu wiki iliyotoka.

Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza, "Wewe na huyo mwenzako, nani aliwasimamia?"

Nikamwambia nimesahau.

Akasema, "Bakiri, mtu hasahau sura ya wakili wake. Ukinificha, na mimi nitasimama mbele ya majaji sina kitu mkononi."

Nimemwomba muda. Bado nafikiri. Ungekuwa wewe, dada, ungefikiri nini?

Mdogo wako,
Bakiri


Tanga
28 Septemba 2017

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Marahaba. Idi ya kuchinja ilikuwa nzuri, Ameir alichinja mbuzi wawili, nyama ya mmoja akaugawia mtaa mzima. Mvua za vuli bado.

Barua yako niliisoma, nikaifunika, nikaisoma tena. Umeandika "huyo mwenzako". Ameir alituambia yeye aliitwa polisi kuhojiwa tu, akaachiwa, na kwamba mahakamani ulisimama peke yako.

Mwenzako ni nani?

Usinizungushe. Na barua zijazo usitume nyumbani, andika kwa anwani ya shule niliyoiweka nyuma ya bahasha. Simu yangu nayo usiijaribu, haikai peke yake.

Mwatumu


Gerezani, Johannesburg
14 Januari 2018

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Nisamehe nimekawia. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa hospitali ya gereza, kifua tu, kimepona. Denise na binti yake Arlène wanakusalimu. Arlène ananielewa Kiswahili chote, lakini akijibu ni Kiingereza au Kizulu.

Umesema nisikuzungushe. Barua hii nimempa Nkhensani mkononi, haijapita kwa askari.

Kizimbani tulisimama wawili, mimi na Ameir. Stoo ilikuwa kwa jina lake, mzigo ulikuja kwa magari ya watu wake. Siku polisi walipoingia ilikuwa Jumamosi, kanisa la ghorofa ya juu kwaya inafanya mazoezi, hata sikusikia wakigonga. Walinikuta na funguo mfukoni. Ameir walimkamata kesho yake nyumbani. Wakili alimleta Ameir, na wakili huyo mmoja akatusimamia sote.

Siku ya kesi alitukuta mahabusu, chini ya mahakama. Akasema, Ameir akinitafsiria, "Mkikataa wote mtafungwa wote, na si miaka michache. Mmoja akikubali, mwingine anaondoka leo. Huyo aliyekubali ni kosa lake la kwanza, atapewa kifungo cha nje na kurudishwa kwao."

Nikamwambia, "Lakini mimi sikujua kama ni mali ya wizi."

Akasema, "Hilo ukilitamka mle ndani umeharibu kila kitu."

Ameir akanishika bega. "Bakiri, mimi nina mke na watoto, na mke wangu ni dada yako. Wewe huna mtu anayekutegemea. Wiki mbili tu utakuwa Tanga unakula samaki."

Tulipopanda juu, mkalimani Mkenya alikaa kidogo, akaitwa chumba kingine. Wakili akamwambia hakimu tunaweza kuendelea kwa Kiingereza. Kiingereza changu wakati ule, dada, kilikuwa cha saizi na bei. Hakimu alisoma karatasi ndefu niliyoisaini chini kule bila kusomewa, kisha akaniuliza jambo. Ameir akaninong'oneza, "Sema yes." Nikasema. Akauliza tena. Nikasema tena. Ameir aliachiwa siku hiyo hiyo. Mimi niliitwa baadaye, nikapewa miaka minane, na wakili hakuniangalia usoni.

Nilinyamaza kwa sababu nyumba anayolala ni yako.

Sasa sikiliza tulipofika. Majaji wametupa ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Lakini kanda ya mahakama ya siku ile haipatikani. Wameitafuta, wanasema haikurekodiwa vizuri. Kwa hiyo walioshiriki wanatakiwa waandike kwa kiapo kila mmoja anachokumbuka. Hakimu anasema kesi zake ni nyingi, hakumbuki. Wakili ameapa kwamba alinieleza kila neno kwa msaada wa mkalimani, na kwamba Ameir hakuwa mteja wake hata siku moja. Nkhensani amempeleka kwenye kamati ya nidhamu, lakini huko nako ni neno langu na neno lake.

Aliyesimama karibu yangu akasikia yote ni mtu mmoja tu. Tunahitaji kiapo chake.

Bakiri


Tanga
30 Aprili 2018

Bakiri,

Waalaykum salaam. Marahaba. Mama mzima. Watoto wazima. Shule imefungwa kwa mafuriko, madarasa mawili yameingia maji.

Nilimuuliza. Nilingoja watoto waende madrasa.

Nikamwambia, "Kizimbani mlikuwa wawili?"

Hakukataa. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, hata hakujisumbua kukataa. Akauliza, "Amekuandikia?"

"Ulikuwa karibu yake au hukuwa karibu yake?"

Akasema, "Nilikuwa. Na kila mwezi tangu nirudi nimekuwa nikifikiria namna ya kumtoa. Operesheni ya Mama yenu unadhani niliifanya kwa nini?"

Nikamwambia aape. Mawakili wapo hapa Tanga, ni suala la asubuhi moja. Akasema, "Nikiapa nimejifunga mwenyewe. Afrika Kusini sikanyagi tena, na wakitaka kunifuata hapa watanifuata. Nikiondoka mimi, wanao utawalisha kwa mshahara wa ualimu?"

Mama alikuwa chumbani. Mlango ulikuwa wazi.

Sina cha kukuahidi. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

M.


Gerezani, Johannesburg
20 Juni 2018

Dada,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Idi mubarak, imechelewa. Umenikataza kuandika nami naandika, kwa sababu kuna jambo limetokea na unapaswa kulijua.

Jumanne niliitwa chumba cha wageni, nikadhani ni Denise. Nikamkuta yule wakili wetu wa kwanza, suti ya kijivu, amekaa kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Akanisalimu kwa jina. Sijui aliwaambia nini askari hata wakampitisha.

Akasema nikiandika kwamba nimeondoa malalamiko kule kwenye kamati, yeye atanisaidia nitoke mapema kwa msamaha wa tabia njema. Nikamwambia wakili wangu ni Nkhensani, aongee naye.

Akasema, "Yule binti atakutumia kujipatia jina, kisha atakusahau." Halafu akaangalia kucha zake, akasema, "Una dada Tanga, sivyo? Mume wake ni mtu mzuri. Ingekuwa bahati mbaya polisi wa huku wakaanza kumkumbuka."

Nilisimama nikamwita askari anirudishe selo. Nilipofika, Évariste akanikalisha chini. Nimemweleza Nkhensani, amesema hilo nalo litaingia kwenye malalamiko, na kwamba mtu asiye na hofu hafungi safari ya kuja gerezani.

Kwa hiyo umwambie shemeji: anayemwogopa ndiye yule yule aliyemwambia atakuwa salama. Akinyamaza, usalama wake unakaa mfukoni mwa mtu huyo maisha yake yote.

Rufaa inasikilizwa Februari. Karatasi zote ziwe zimefika Novemba. Zaidi ya hapo majaji hawapokei.

Wewe sikulaumu. Yeye namlaumu, na siku hizi namlaumu nikiwa naswali, jambo ambalo si zuri.

Bakiri


Tanga
3 Oktoba 2018

Mdogo wangu Bakiri,

Waalaykum salaam. Natumai kifua hakijakurudia. Mama anasema ujifunike. Ndiyo, Mama.

Kwa kuwa posta ya huko nasikia ilikuwa na mgomo, barua hii anakuja nayo Tabia, mwenye biashara ya vitenge, anapanda basi mpaka Johannesburg. Ataikabidhi kwa Denise, mkono kwa mkono.

Ndani kuna hati ya kiapo ya Ameir. Ina saini yake na muhuri wa wakili wa hapa. Ameandika yote: kwamba stoo ni yake, mzigo ulikuwa wake na alijua ulikotoka, wewe hukujua, wakili alikuwa mmoja kwenu wote, na maneno mliyoambiwa mahabusu. Amejiandika vibaya kuliko nilivyotarajia.

Mpe Nkhensani. Usiniulize imepatikanaje.

Ukijibu, anwani ni ile ile ya shule.

Dada yako,
Mwatumu


Rosettenville, Johannesburg
3 Machi 2019

Dada yangu Mwatumu,

Assalaam alaykum! Shikamoo, shikamoo tena. Angalia nilipoandikia. Nimekaa kwenye kreti la soda nje ya saluni ya Denise, jua linanipiga usoni na hakuna wa kuniambia niondoke.

Siku ya rufaa mfungwa hapelekwi, kwa hiyo mimi nilibaki selo nikizunguka mpaka Évariste akanitishia kunifunga kamba. Aliyekuwepo ni Denise, alifunga saluni. Jioni alikuja akanisimulia kupitia kioo cha wageni:

"Bakiri, ungeona! Ile juge mwanamuke alimuuliza muntu wa serikali, 'Huyu wakili alikuwa anamutetea nani? Mimi naona mumoja alimutetea, na mwengine alimufunga.' Muntu wa serikali alibaki anatafuta makaratasi tu!"

Nkhensani naye aliniambia jaji mwingine alikuwa mkali kwake. Alimuuliza kwa nini mahakama imwamini Ameir, mtu anayekiri kwamba aliacha mwenzake afungwe. Akamjibu jaji kwamba mtu akitaka kudanganya hudanganya kwa faida yake, na Ameir katika kiapo kile hakuwa na faida hata moja. Jaji akaandika.

Hukumu ilitoka wiki iliyofuata. Ile ya kunifunga imetenguliwa. Majaji wamesema sikupata kesi ya haki, kwamba "ndiyo" ya mtu asiyeelewa anachokubali haina uzito, na kwamba wakili hawezi kusimama kwa watu wawili ambao usalama wa mmoja ni maangamizi ya mwingine. Serikali ilikuwa na hiari ya kunishtaki upya mbele ya hakimu mwingine. Imekataa. Askari aliponiita kwa jina nilidhani nina mgeni.

Évariste nilimwachia blanketi zote mbili. Alinigeuzia mgongo ili nisimwone.

Kamati ya nidhamu itamsikiliza yule wakili Juni, na nimeambiwa nisubiri nitoe ushahidi. Baada ya hapo lazima niondoke, kibali changu kiliisha nikiwa ndani.

Shemeji Ameir mpe salamu zangu. Mwambie hasira bado ninayo, lakini mkono wake nitaushika.

Mdogo wako aliye nje,
Bakiri


Tanga
11 Aprili 2019

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Alhamdulillah, nilisoma barua yako mbele ya darasa nikawapa wanafunzi zoezi refu ili nilie kwa utulivu. Mama ameswali rakaa sijui ngapi.

Sema kweli kwenye kamati, usiongeze chumvi.

Salamu zako kwa Ameir sijaweza kuzifikisha, yuko safarini.

Mwatumu


Rosettenville, Johannesburg
7 Julai 2019

Dada,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Denise amefiwa na mama yake mdogo huko Uvira, tumekaa naye msiba hapa hapa saluni. Wengine wazima.

Kamati imekaa. Safari hii mkalimani alikuwa Mtanzania na hakutoka hata kunywa maji. Wakili alijitetea mwenyewe. Alisimama akaniuliza, "Uliuza viatu kwa Kiingereza miaka yote ile. Utatuambia hukuelewa maana ya kukubali kosa?"

Nikamjibu, "Neno nililielewa. Sikuelewa kwamba hukuwa wakili wangu."

Mwenyekiti alimtazama akisubiri swali jingine. Yeye akakaa. Kisha wakasoma kiapo cha Ameir kwa sauti, na habari ya ile safari ya wakili kuja gerezani, ambayo imeandikwa kwenye kitabu cha wageni cha askari. Wamemsimamisha kazi, na wamepeleka ombi Mahakama Kuu afutwe kabisa kwenye orodha ya mawakili. Ukumbini alinipita karibu sana. Amezeeka. Nilitegemea kufurahi, dada, na sikufurahi sana.

Sasa hili. Tabia amekuja tena na vitenge. Nikamuuliza, "Shemeji amerudi safari?" Akanishangaa. "Safari gani? Ameir yupo dukani kwake kila siku. Dada yako ndiye aliyehama. Mwaka jana hiyo, yuko nyumba ya marehemu baba yenu na watoto na bibi."

Dada, mwaka jana. Kabla ya ile hati, au baada? Umekaa na jambo hili kifuani, mimi nakutumia salamu za kupeleka.

Nakuja. Basi ni mwisho wa Agosti. Lakini kabla sijafika niambie mwenyewe, nisiambiwe na wauza vitenge.

Bakiri


Tanga
10 Agosti 2019

Mdogo wangu Bakiri,

Waalaykum salaam. Marahaba. Mpe Denise pole yetu ya msiba. Huku ni kwema, Shufaa yuko kidato cha kwanza sasa kwa urefu na darasa la tano kwa adabu.

Tabia amesema kweli.

Barua yako ya wakili kuja gerezani nilimsomea Ameir neno kwa neno. Alizima taa, akalala. Asubuhi nilikusanya nguo za watoto. Sikuwa na mpango wowote, nilijua tu siwezi kumwekea sahani mezani huku wewe uko kule. Nilidhani Mama atabaki, maana macho yake yalikuwa kwa hisani ya mwanaume yule. Mama alikunja mkeka wake, akautia kwapani, akatangulia mlangoni kabla yangu. Tulipofika akaniambia, "Fagia kwanza, popo wameharibu."

Tulikaa hivyo Julai, Agosti, Septemba. Ameir alituma unga na mafuta, mimi nikapokea, watoto ni wake. Kisha siku moja akaja mwenyewe, amevaa kanzu, akakaa kizingitini. Alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni ile niliyokutumia. Ya pili ni talaka yangu.

Nikamuuliza, "Umeshaapa. Ya pili ya nini?"

Akasema, "Nimeapa kwa sababu ni kweli. Lakini nimekuona ulivyoniangalia siku ile watoto wako madrasa, na sitaweza kuangaliwa hivyo mpaka nizeeke."

Nilikuwa na jibu, Bakiri. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Sikulitoa. Nimejiuliza mara nyingi kama ningelitoa angeichana ile karatasi, na nimechoka kujiuliza. Nilizipokea zote mbili.

Sikukwambia kwa sababu ungemwambia Nkhensani airudishe ile hati ya kiapo. Nakujua.

Usije na pole. Na usije na kifua cha kunitetea, sijakuomba. Mimi niliondoka kwa miguu yangu, na kuondoka kwangu hakukumlazimisha kitu, angeweza kutuacha tukae huku na yeye akanyamaza mpaka leo. Hakunyamaza.

Utamkuta msikitini Ijumaa. Mkono wake ukitaka ushike, usipotaka uache, hayo ni yako na yeye. Lakini watoto wangu watakuzunguka siku hiyo hiyo utakayofika, watakuuliza Johannesburg ilikuwaje, watakuuliza baba alifanya nini. Utawaambia baba yao alisema kweli siku ambayo kweli ilimgharimu. Ukimaliza sentensi hiyo, nyamaza.

Maji ya kuoga yatakuwa tayari.

Dada yako,
Mwatumu